Basi Lisilo na Makanga

Columbus, Ohio

Ami,

Nifikishie salamu kwa Mama na kwa jamaa wa barazani hapo Kibokoni, hasa wale walioapa kwamba Marekani nitaosha vyombo mpaka mvi zinitoke. Waambie sahani nimezipa mkono wa buriani. Nasomea udereva wa basi.

Nakusikia hadi huku: "Basi nalo lasomewa?" Lasomewa, Ami. Wewe ulikuwa ukitoa makontena bandarini Kilindini ukayafikisha Malaba kwa akili zako mwenyewe, lakini huku mtu hagusi usukani wa basi kabla hajajibu maswali kwenye kompyuta. Kuna karatasi ya maarifa ya jumla, maswali 50, na sharti upate 40. Kuna ya breki za upepo, maswali 25. Kuna ya abiria, 20, na anayetaka basi la shule anaongezewa 20 mengine. Kote alama ya kupita ni asilimia 80, na hakuna wa kumwambia "niongezee mbili, mkubwa, nina watoto". Ukifaulu hayo yote leseni bado hupewi. Wapewa kibali cha mwanafunzi, ukae nacho siku 14 ndipo uruhusiwe kutahiniwa barabarani. Na tangu Februari 2022 hata huko barabarani hufiki mpaka upite kwa mwalimu aliyeandikishwa na serikali kuu.

Usidhani Wazungu walizaliwa na utaratibu huu. Sheria yenyewe ni ya 1986 tu. Kabla ya hapo, katika majimbo mengi mwenye leseni ya gari dogo aliweza kupanda trela au basi akaondoka nalo, na wajanja walitembea na leseni za majimbo matatu manne: hii ikijaa makosa, watoa ile. Kwa hiyo mzee Michuki, waziri wetu wa uchukuzi, alipotutia adabu watu wa matatu mwaka 2004, abiria 14, mkanda kila kiti, mstari wa njano ubavuni na kidhibiti mwendo cha kilomita 80, hatukuwa nyuma ya dunia kama tulivyotukanwa. Tofauti ni kwamba sisi tulisahau baada ya muda mfupi, na wao bado wanatahiniana.

Huko, mtihani ulikuwa ule ubao wa mji wa kuchezea, kigari cha plastiki mkononi, na askari wa trafiki kakukazia macho: "Uko hapa, wataka kwenda pale, utapita wapi?" Unakisukuma kigari kwenye raundabauti huku ukitaja sheria kwa sauti na roho yadunda. Lakini alikuwa binadamu. Ukitaja jibu, ungemtazama nyusi zake ukajua kama ulirekebishe. Kompyuta haina nyusi.

Sasa nikwambie kilichonishangaza. Kitabu chao chatolewa bure na jimbo, kurasa zaidi ya mia, na nimekisoma mwanzo hadi mwisho nikimtafuta mtu mmoja: makanga. Hayumo! Kitabu kizima cha kubeba watu, na hakuna wa kuning'inia mlangoni akiita "Ferry, Ferry, bado mmoja", hakuna wa kugonga bodi mara mbili dereva ajue kumeshajaa, hakuna wa kugombana na mama kuhusu chenji. Kazi zote hizo kapewa dereva, na juu ya hapo aendeshe.

Mahali pamoja tu nimemwona. Kwenye sura ya kurudi nyuma, kitabu chasema: ukiweza, tafuta msaidizi asimame nyuma ya gari, na kabla hujaanza mkubaliane ishara za mikono, hasa ishara ya kusimama. Nikacheka peke yangu jikoni. Huyo si taniboi wako yule, aliyekuwa akipiga mayowe "njoo, njoo, njoo, kata, kata, wachaaa!" pale Shimanzi? Wamemvua jina na mayowe, wakamwachia mikono.

Sura ya abiria ndiyo tamu. Usizungumze na abiria unapoendesha. Mimi, mtu wa Mombasa, abiria anasema "habari za asubuhi" nami nimkaushie? Salamu zetu zenyewe tangu hujambo hadi za wazee zingetutoa Mwembe Tayari zikatufikisha Likoni. Basi la mjini huku laruhusu watu kusimama, lakini kuna mstari wa upana wa inchi 2 sakafuni, na hakuna mtu wa kusimama mbele ya mstari huo. Hebu mfikirie yule jamaa wa pale kwetu ambaye siti yake ya kudumu ni juu ya injini, uso umeelekea nyuma, akihubiri siasa. Wanyama hawapandi, isipokuwa wale wa kuwasaidia wenye ulemavu. Kuku wa kwenda Kwale na mbuzi wa Idi watafute usafiri mwingine. Betri ya gari haipandi. Petroli haipandi. Nilipofika hapo nikaona kuwa nusu ya mizigo ya gari la Lunga Lunga ingebaki steji, na wenye mizigo nao.

Na abiria mkorofi je? Hapa nilitarajia makanga atajitokeza, kwani kazi hii hasa ni yake. Wapi. Kitabu chasema usimshushe mahali patakapomhatarisha. Mfikishe kituo kinachofuata, au mahali penye mwanga na watu. Mkorofi, Ami, anatafutiwa taa! Kwetu mtu aliyekataa kuongeza shilingi kumi alijikuta Kibarani usiku, enzi za lile jaa la taka, yeye na harufu.

Kitabuni mna swali la daraja linalofunguka: kama halina taa wala mlinzi, simama angalau futi 50 kabla, hakikisha limefungika, ndipo upite. Jirani yangu wa Bukavu, naye yuko kwenye safari hii ya leseni, akaniuliza daraja linafungukaje. Nikamweleza lile la kuelea la Liwatoni lililofunguliwa 2021, la watu wa miguu, lililokuwa likiachana katikati kuipisha meli inayoingia Kilindini. Hakuniamini. Yeye hunisomesha usiku, ananitokea na swali nikiwa na kijiko mdomoni: "Papa, ukifika ku njia ya reli utafanya nini?" Nasimama futi kati ya 15 na 50 kutoka reli, nasikiliza, natazama pande zote mbili. "Na kama hakuna treni?" Nasimama vilevile. "Na kama haikupitaka treni mwaka mzima?" Hapo huwa namwambia ale.

Breki za upepo ndizo zilizonikumbusha wewe. Nakukumbuka ukizima lori, unakaa kimya, unasikiliza "fsss", kisha unamwambia taniboi bila kugeuka: "Kuna pahala panavuja, tafuta." Kitabu hakitaki sikio, chataka hesabu. Upepo ujae hadi karibu ratili 125 kwa inchi mraba, kompresa ijikate yenyewe. Zima injini, achia breki, hesabu dakika moja: basi lisipoteze zaidi ya ratili 2. Kanyaga breki, dakika nyingine: zisipotee zaidi ya 3. Kisha washa swichi bila kuwasha injini, upige breki mara kwa mara upepo ushuke hadi taa ya onyo iwake, uendelee mpaka breki za springi zijifunge zenyewe, mahali kati ya ratili 20 na 45. Na yote haya siku ya mtihani wa vitendo utayafanya huku ukiyataja kwa sauti, mtahini kakaa pembeni na kalamu. Ukifanya bila kutaja, ni sawa na hukufanya. Wewe ungeanguka, Ami, kwa kutosema, na mimi nina wasiwasi wa kinyume chake.

Halafu barafu. Huku kuna barafu isiyoonekana: nyembamba, angavu, lami yaonekana chini yake, nawe wadhani ni maji. Kitabu, kwa uzito wote, kinakushauri ufungue dirisha, utoe mkono, ushike upande wa mbele wa kioo cha pembeni. Kama kina barafu, basi barabara nayo inaelekea huko. Yaani mtoto wa Kibokoni, ambaye kipupwe chamfanya avae sweta, atoe mkono nje makusudi kuitafuta baridi. Nimelijibu swali hilo vizuri kila mara, lakini moyoni sijalikubali.

Nimemalizia na basi la shule, na hili mkilizungumza barazani msilichekee. Kuna eneo la hatari kulizunguka basi: futi 30 mbele, na zile 10 za kwanza ndizo mbaya zaidi, futi 10 kila ubavu na 10 nyuma. Dereva huhesabu watoto wanaposhuka, na akikosa hesabu haondoki mpaka awaone. Akifika mwisho wa safari hutembea hadi kiti cha nyuma kutazama kama kuna aliyelala. Akiwasha taa nyekundu kwenye barabara ya njia mbili, gari la nyuma na la mbele yote yasimama. Nami nakumbuka tulivyokuwa tukiachwa pale Saba Saba na sare zetu, gari moja baada ya jingine, kwa sababu mwanafunzi alilipa nusu nauli. Na likitusimamia, tulivutwa ndani kwa mkono mmoja huku magurudumu yakizunguka. Makanga wetu nampenda na namkosa, lakini kwa hili kompyuta yamshinda.

Mtihani ni Jumanne saa tatu asubuhi ya huku, ambayo kwa majira haya ya baridi ni saa kumi na moja jioni ya huko. Mkimaliza Alasiri niombeeni dua, na mwenye nafasi ailenge karatasi ya breki. Na wewe, Ami, nakuomba unishikie Mama asinipigie simu saa hiyo. Chumbani simu haziruhusiwi, sitaipokea, naye kufika Magharibi atakuwa keshawatangazia Kibokoni nzima kwamba nimekufa kwa baridi.