Sifa za Herufi Ndogo ya Kihispania

Wengine na wawasifu wafalme. Mimi nakusifu wewe, herufi ndogo ya Kihispania, uliyewavua wafalme herufi zao kubwa: rey huandikwa kwa r ndogo, papa kwa p ndogo, na rais wa jamhuri, presidente, hapati zaidi ya hapo. Hiyo ndiyo sheria ya Real Academia Española, baraza la lugha lililoasisiwa Madrid mwaka 1713, katika kitabu chake cha tahajia cha mwaka 2010.

Lakini wema wako mkuu umemfanyia mwanafunzi anayetoka kwenye Kiingereza. Huyo amezoea kila anapojitaja, hata katikati ya sentensi, kujiandika I, herufi moja iliyosimama wima. Wewe unampa yo na kumkalisha mkekani pamoja na wenzake. Akijieleza kuwa ni Mwingereza, inglés. Akiitaja lugha yake, inglés. Akisema ni Mkatoliki, católico. Jumatatu yake inakuwa lunes, Januari yake enero. Unamwachia Inglaterra tu, asije akalia. (Nasi Waswahili tusicheke sana. Jumatatu, Januari, Kihispania, Mkatoliki: zote twaziandika kwa herufi kubwa, na katika darasa hilo tungekatwa maksi zilezile.)

Hata vitabu umevifunza adabu. Riwaya ya Gabriel García Márquez ya mwaka 1967 inaitwa Cien años de soledad, herufi kubwa moja ikitosha kwa miaka mia yote. Ilipofasiriwa kwa Kiingereza, One Hundred Years of Solitude, ikaongezewa tatu. Gazeti la El País, hata hivyo, lina kubwa mbili, kwa kuwa majina ya magazeti yana sheria yake. Diciembre ni ndogo, ila Navidad iliyomo ndani yake ni kubwa. Mwanafunzi akinung'unika, mwache. Ndiyo kwanza ameanza kukujua.

Maana kazi yako tamu kuliko zote ni hii. Señor, akiandikwa kwa ukamilifu wake, ni mdogo. Mkate mkia, abaki Sr., na papo hapo anakuwa mkubwa. Usted, neno la heshima lenyewe, ni dogo. Likifupishwa kuwa Ud., linapandishwa cheo. Doctora naye hana ukubwa mpaka awe Dra. Ni serikali gani nyingine inayompandisha mtu cheo kwa kumpunguza?

Na hao wakubwa wachache uliowabakiza hukuwaacha watambe. Ulienea uvumi kwamba herufi kubwa haivai alama ya mkazo. Akademia inasema haijawahi kutunga kanuni hiyo: África na Álvaro huvaa alama zao kama kawaida.

Basi, mwanafunzi, ukimwandikia barua bwana mkubwa wa Madrid na ukataka kumtukuza, usimmalizie jina la heshima. Mfupishe, na nukta usiisahau.