Muhuri wa Wacheza Kamari

Baiskeli isiyo na frihwili ndiyo pekee ambayo habu yake ya nyuma inapungua vitu huku bei ikipanda. Ndani hamna meno ya kukwaruza wala springi. Kuna ekseli, gololi na nyuzi mbili tu za skrubu. Uzi wa pili, unaofungwa kinyume ili sproketi isilegee mwendeshaji akisukuma pedali kurudi nyuma, ndio unaostahili kuulizwa dukani. Mnunuzi huuliza rangi. Akizidi ujuzi, hutaka muhuri wa NJS, ule wa mbio za keirin zilizoanzia Kokura, Japani, mwaka 1948. Mbio hizo ni za kamari, na vifaa hukaguliwa kwa viwango vikali ili viwe imara na asiwepo mwenye kumzidi mwenziwe kwa chuma. Basi bwana mkubwa analipia muhuri wa usawa ili awapite wenzake kwenye taa za barabarani.

Watasema habu ghali ni nyepesi. Kweli, lakini gramu za katikati ya gurudumu hazina uzito wa maana mbele ya upepo unaompiga mwendeshaji kifuani. Watasema pia hudumu zaidi. Hapo wana haki, ilimradi beringi zake zinabadilishika na fremu ina nafasi ya milimita 120 ya kuiweka habu. Wengi wana fremu ya zamani ya barabarani, yenye 126, na hilo hugundulika risiti ikiwa imeshakatwa.