Barua ya wazi kwa wafadhili wa sanaa za maonyesho, Kinshasa

Waheshimiwa Mawaziri wa Utalii na wa Michezo,

Pokeeni salamu za Butembo, mji wenye walalamikaji wengi siku hizi. Wanauliza ilikuwaje mwaka 2025, miezi sita tu baada ya Goma kuanguka mikononi mwa waasi na serikali ya jimbo letu kuhamia Beni, Jamhuri ikafunga mkataba wa udhamini wa miaka minne na FC Barcelona. Magazeti yalitaja zaidi ya euro milioni 40. AC Milan na AS Monaco nao walikwishapata fungu lao.

Mimi nawatetea. Walalamikaji wanadhani mmefadhili mpira, kumbe mmefadhili sanaa ya maonyesho, tena ya kimataifa. Mtu mzima aliyevaa vizuri anaguswa bega, anaanguka, anajiviringisha akilia kama aliyefiwa. Refa akigeuza uso, anainuka mzima. Mwigizaji gani wa Beni anaweza hilo mbele ya maelfu ya watu?

Waigizaji wetu wana kipaji cha aina nyingine, kile kisicho na faida. Wakati wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, watu zaidi ya 2,200 walikufa, na bado wengi hawakuwaamini waliokuja na magari ya mashirika. Ikabidi waigizaji waitwe. Mchezo mfupi sokoni, kwa Kinande na Kiswahili: bibi anagoma kunawa mikono, mjukuu anambembeleza, watu wanacheka, kisha mama mmoja anauliza swali ambalo hakuthubutu kumwuliza daktari. Ugonjwa ulipokwisha magari yaliondoka, na posho ya waigizaji ikaondoka nayo.

Leo mazoezi ni katika ukumbi wa parokia, kwaya ikishamaliza. Pazia ni vitenge viwili vilivyoungwa kwa pini. Jenereta ni ya kuazima na inanguruma kuliko mhusika mkuu, kwa hiyo hata maneno ya mapenzi yanatamkwa kwa kupayuka. Onyesho linaanza mchana ili watu wawahi nyumbani kabla ya giza; tangu Mei 2021 tunaishi chini ya état de siège, yaani utawala wa kijeshi, na usiku si wetu.

Kuhusu utalii msiwe na shaka. Mzungu akisoma mgongoni mwa fulana ya mazoezi ya mchezaji kwamba Kongo ni moyo wa Afrika, akatamani theluji ya Ruwenzori, aje Mutwanga, miguuni pa mlima huo. Akipitia barabara ya Kasindi na Beni, huenda akabahatika kusafiri katika msafara unaosindikizwa na wanajeshi, na hilo Barcelona hawana.

Tumetafakari kwa nini sisi hatufadhiliwi, tukaona kosa ni letu: sisi ni wa hapa. Tutalirekebisha. Kikundi cha waigizaji wetu kitavuka mpaka pale Kasindi, kicheze onyesho moja Bwera, upande wa Uganda, kilale huko, na asubuhi kirudi kikiwa cha kimataifa. Hatutaki milioni 40. Tunataka jenereta isiyopiga kelele, pazia, na paa la ukumbi mmoja Butembo na mwingine Beni. Migongo ya fulana zetu za mazoezi iko wazi. Jina la nchi tutaliandika bure mwaka wa kwanza, mradi rangi mlete ninyi.

Wenu mtiifu,
Mtazamaji wa safu ya nyuma, Butembo