Kikanushi Kisichokanusha

Nadharia ya kukuza msamiati wa Kiingereza kwa kuchambua mizizi ya Kilatini ina kasoro ambayo watetezi wake huipitia juujuu, nayo ilidhihirika juma hili mjini Tukuyu, katika duka la vifaa vya ujenzi, mbele ya wateja waliojibanza humo kukwepa mvua na ambao hadi sasa hawajachoka kuisimulia.

Dumu la kemikali ya kuchanganyia rangi liliandikwa "inflammable", na mwandishi wa insha hii, alipoombwa na mwenye duka alisome, alifafanua kwa kirefu kwamba "in" ni kiambishi kikanushi, kama katika "incorrect", yaani lisilo sahihi, na kwamba "flamma" ni mwali wa moto, hivyo dumu lingeweza kukaa salama kando ya jiko la mkaa linalowashwa dukani kwa sababu ya baridi ya Rungwe. Binti wa kidato cha pili, aliyetumwa misumari, alisema kwa adabu, "Shikamoo mwalimu, hiyo inawaka." Dumu lilihamishwa mbio, na "ndaga fijo", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, ilimwendea binti peke yake.

Haki inadai Warumi ndio waulizwe. Kilatini kina "in" mbili zinazofanana sura bila kuwa na undugu: ya kwanza hukanusha, hupenda kukaa na vivumishi, na nasaba yake ni moja na "un" ya Kiingereza, ya pili ina maana ya "ndani" au "juu ya", nayo ikitangulia kitenzi huonyesha kuingiza, ndiyo maana "inflammare" ni kutia moto. Tena "n" hiyo haina msimamo, kwani mbele ya "p" hugeuka "m", kama katika "impossible", na mbele ya "l" hugeuka "l", kama katika "illegal", mabadiliko ambayo wanaisimu huyaita usilimisho na ambayo Mswahili huyafanya bila kufundishwa anaposema "nguo mbaya" lakini "nguo ndogo". Mkanganyo wenyewe uliwatisha hata wataalamu wa kinga ya moto wa Marekani, ambao katika karne ya 20 walihimiza vyombo viandikwe "flammable", ushauri ambao haukulifikia dumu la Tukuyu. Onyo la karibu zaidi lilikuwa ndani ya Kiswahili, kwa kuwa "inawaka" nayo huanza kwa herufi hizohizo wala haikanushi kitu.

"Invigilator", yaani msimamizi wa mtihani, alipochambuliwa kwa kanuni ileile alitoka "asiyekesha", na msimamizi aliyekuwapo hakucheka. Rungwecebus, jina la kisayansi alilopewa mwaka 2006 kipunji, kima wa Mlima Rungwe, lilisakwa katika kamusi ya Kilatini jioni nzima kabla ya kubainika kwamba nusu yake ni Kiyunani na nusu ni mlima.

Kicheko hukoma panapoulizwa kwa nini ngazi hii ya mizizi ya Kilatini inahitajika. Mtoto wa Rungwe huanza na Kinyakyusa, husoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, kisha sekondari hudaiwa aeleze usanisinuru, yaani jinsi mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga, kwa Kiingereza. Sera ya elimu ya mwaka 2014 ilitamka kwamba Kiswahili kitumike kufundishia ngazi zote, lakini mtihani wa baiolojia bado huulizwa kwa Kiingereza. Anayekwama hapo hushauriwa ajifunze mizizi ya lugha ya nne, tena iliyokufa, ili aifikie ya tatu, na akikosa alama cheti huandika kwamba hajui baiolojia.