Swichi Nyingi, Sauti Ileile
Gitaa la Stratocaster, lililotolewa na kampuni ya Fender ya Marekani mwaka 1954, lilikuwa na pikapu tatu, yaani sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba ili kunasa mtetemo wa nyuzi, pamoja na swichi ya nafasi tatu. Wapigaji waligundua kwamba swichi hiyo ikikwamishwa kati ya nafasi mbili huunganisha pikapu mbili, na kiwanda kilingoja hadi mwaka 1977 ndipo kikawapa rasmi nafasi tano walizokwisha kujichukulia. Brian May, mpiga gitaa wa bendi ya Queen, ambaye gitaa aliloliunda na baba yake lina, kwa kila pikapu, swichi ya kuiwasha na nyingine ya kugeuza awamu, yaani kuifanya ipingane na jirani yake hadi sauti nene ififie, ana utetezi mmoja: yeye huzitumia. Wafuasi wake hukesha wakifumua na kulehemu nyaya, huchora ramani inayolitosha bwawa la umeme, kisha jukwaani huacha kila kitu katika nafasi ya kwanza, kwa kuwa hakuna akumbukaye swichi ya nne hufanya nini.