Barua ya Wazi kwa Ofisi Inayotunza Dipoziti

Kwa Ofisi ya Ejenti wa Nyumba za Kupanga,
Ghorofa ya Kwanza, juu ya Duka la Vifaa vya Ujenzi,
Eastlands, Nairobi.

KUH: DIPOZITI YA MWANAFUNZI ANAYEONDOKA LEO

Siku ya mwisho ya mwanafunzi wa kigeni huko Eastlands ina ratiba inayojulikana kuanzia Buruburu hadi Kayole. Asubuhi godoro linauzwa kwa bei ya kutupa. Mtungi wa gesi wa kilo 6 unachukuliwa na jirani aliyeumezea mate tangu notisi ilipotolewa. Saa nne keateka anapanda ngazi kukagua nyumba. Jioni kuna basi la Kampala, Arusha au Dar es Salaam, na tiketi imekwisha kulipiwa. Kati ya keateka na basi ndipo ofisi inapoingia, kwa heshima zake zote.

Ukaguzi wenyewe ni kazi ya kitaalamu. Keateka hupitisha kidole ukutani hadi kiguse tundu la msumari uliokuwa umeshika kalenda. Hufungua mfereji ambao haujatoa tone tangu Jumatano, akausikiliza ukipumua, kisha akaandika daftarini: “Mfereji unavuja.” Kila alama ina bei yake, na jumla ya bei hizo, kwa sadfa ambayo wanahisabati bado hawajaieleza, hukaribia sana dipoziti. Salio likibaki, mwanafunzi huambiwa apitie ofisini Jumanne.

Ofisi inajua kwamba Jumanne mwanafunzi atakuwa ng’ambo ya mpaka. Mpangaji mwenyeji naye huambiwa Jumanne, ila yeye anaweza kupanda matatu ya namba 58 na kurudi kila wiki mpaka achoke. Mgeni hachoshwi, mgeni huviziwa. Ofisi iwie radhi kwa neno hilo. Maombi yafuatayo yanawasilishwa kwa unyenyekevu.

Ombi la kwanza linahusu rangi. Kila anayehama hukatwa pesa ya kupaka nyumba upya. Kwa kuwa ofisi haisemi uongo, rangi hiyo lazima iwemo ukutani. Buruburu ilianza kujengwa miaka ya 1970, Umoja vilevile, na tangu hapo wapangaji wamekuwa wakiingia na kutoka. Ikiwa kila aliyetoka ameacha tabaka lake, kuta zingekuwa zimenenepa, chumba cha futi kumi kwa kumi kingekuwa kabati, na mlango usingefunguka. Hivyo ofisi inaombwa iruhusu wanafunzi wa jiolojia watoboe ukuta mmoja, polepole, mbele ya mashahidi, na kuhesabu matabaka. Juu kabisa lipatikane la Mganda wa mwaka jana, rangi ya krimu. Chini yake la Mrundi, krimu pia. Chini zaidi la Mtanzania aliyekatwa pia pesa ya kioo cha dirisha kilichokuwa kimepasuka kabla hajaingia, na kuendelea hivyo hadi saruji. Kipande kitakachotolewa kiwekwe ofisini ndani ya sanduku la kioo, kila tabaka likiandikwa nchi ya aliyelilipia, ili wazazi wakija Nairobi waonyeshwe pesa zao zilipoishia. Iwapo tabaka litakuwa moja tu, lile la siku jengo lilipofunguliwa, ofisi isifadhaike. Itakuwa imevumbua rangi ya kwanza duniani inayouzwa mara nyingi bila kutoka kwenye debe, na inashauriwa kuomba hataza haraka kabla ofisi jirani haijaiba wazo.

Ombi la pili: dipoziti irudi kwa njia ambayo kodi hupitia. M-Pesa ipo tangu 2007. Kodi hufika kabla simu haijarudi mfukoni, na ikichelewa siku chache mlango hutiwa kufuli. Pesa ya kurudi ndiyo husubiri sahihi ya landilodi aliyeko shambani. Ombi la tatu: msumari mmoja usitozwe mara mbili. Ombi la nne: wiki ya ofisi iongezewe siku nyingine mbali na Jumanne.

Ofisi huenda ikamshauri mwanafunzi aende kwenye sheria. Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba, Sura ya 296, ina baraza lake, lakini humlinda mpangaji ambaye kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kiwango ambacho bedsita ya Umoja ilishakiacha mbali. Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa na sheria ya 2016, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 na hutakiwa kuamua ndani ya siku 60. Kwa mahakama hiyo ni mbio. Basi linaondoka leo. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, inayotumika tangu Julai 2010, iliahidi kwamba watu na mitaji watavuka mipaka kwa uhuru. Watu wanavuka. Mitaji imebaki kwenye droo ya ofisi.

Pesa hizo hazikuokotwa. Ni ng’ombe aliyeuzwa Soroti, ni kahawa ya Moshi, ni mama aliyekopa kwenye kikundi akatuma kidogo kidogo. Kumnyang’anya mtoto wa watu kwa sababu ana basi la kuwahi ni wizi, na wizi ni wizi hata ukiandikiwa risiti. Ofisi iwie radhi tena, inaheshimiwa sana.

Dipoziti ni amana ya mpangaji. Irudishwe siku ileile funguo zinaporudishwa. Na mwanafunzi anayetafuta nyumba muhula ujao apige picha kila ukuta siku anapoingia, keateka akiwa amesimama ndani ya picha.