Maombi ya Malipo kwa Kazi ya Uhasibu

Kwa Mwenyekiti,
Klabu ya Pittsburgh Pirates,
Uwanja wa PNC Park,
Pittsburgh, Pennsylvania.

Desemba 2025

Bwana Bob Nutting,

YAH: MADAI YA MASHABIKI KWA KAZI YA KUTUNZA FEDHA ZAKO MSIMU HUU WA BARIDI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Awali ya yote, pole na majukumu. Najua miezi hii ambayo uwanja umelala chini ya theluji inakuchosha kuliko ile ya mechi, maana kila mtu anakutaka usajili. Ndiyo sababu nimeona nikutoe wasiwasi mapema. Sisi mashabiki tumeshakaa kikao, tumeshapiga hesabu, na tumeamua kwa niaba yako kwamba hela hakuna.

Kikao chetu hukutana Jumamosi kwenye saluni ya kinyozi mmoja Mkongo, mzaliwa wa Lubumbashi. Kabla ya kufika hapa hakuwahi kuona mechi ya besiboli, na sasa anaweza kukutajia mkataba wa kila mchezaji wako na mwaka utakaoisha. Katibu wetu ni fundi bomba mstaafu, mtoto wa mji huu. Tunamwita Mzee, na jina hilo ameshalizoea. Baba yake alikuwepo kwenye uwanja wa zamani, Forbes Field, mwaka 1960, Bill Mazeroski alipoupiga ule mpira uliovuka ukuta na kuwanyima Yankees ubingwa.

Mzee akishaketi huchukua risiti ya dukani, huigeuza nyuma na kuandika kwa penseli. Bryan Reynolds: dola milioni 106.75 kwa miaka minane, mkataba mkubwa kuliko wote katika historia ya klabu iliyoingia Ligi ya Taifa mwaka 1887. Mitch Keller: milioni 77 kwa miaka mitano. Anapiga mstari, anajumlisha, anaguna. Kijana mmoja akithubutu kusema tumchukue mpigaji wa nguvu, Mzee huinua penseli juu: “Hapo tutavuka bajeti.”

Tutavuka, sisi! Mheshimiwa, mzee huyu anaishi kwa pensheni. Vitabu vya hesabu vya klabu hajawahi kuviona, kwa kuwa ni siri ya wenye mali. Hiyo bajeti ameikisia mwenyewe kwa kuangalia ulivyotumia mwaka jana na mwaka juzi, na anailinda kuliko anavyokumbuka dawa zake za presha.

Mapema mwezi huu ulitushtua. Vyombo vya habari viliripoti kwamba umempa Kyle Schwarber ofa ya dola milioni 125 kwa miaka minne. Mashine ya kunyolea ilizimwa. Mteja aliyekuwa kitini alibaki nusu upara nusu msitu na wala hakulalamika, kwani naye alikuwa anahesabu. Ana miaka 32. Anapiga tu, kudaka hadaki. Akiumia je? Tulikaa roho juu mpaka Philadelphia walipompa milioni 150 kwa miaka mitano, akabaki zake kwao. Wapo waliosikitika, sikatai. Lakini wengi mle ndani walishusha pumzi utadhani fedha hizo zingekatwa kwenye mishahara yao.

Mimi nimekulia Dar es Salaam, na huko nilifundishwa ushabiki wa aina nyingine. Dirisha la usajili likifunguliwa, shabiki wa Simba au wa Yanga anataka mshambuliaji, tena leo, tena wa kutoka nje. Ukimwuliza fedha zitatoka wapi atakushangaa: hiyo ni kazi ya viongozi. Wakishindwa, atawafuata klabuni awaambie usoni. Nilipofika Pittsburgh nilidhani nakuja kwa mashabiki wenye makelele zaidi, kwa kuwa ndio wenye pesa. Nimekuta wahasibu.

Nakiri kwamba mafunzo tumeyapata klabuni. Darasa la awali lilitolewa kabla yako: Bobby Bonilla alikwenda New York Mets baada ya msimu wa 1991, Barry Bonds akaenda San Francisco baada ya ule wa 1992, na kuanzia 1993 hadi 2012 timu ikafungwa zaidi ya ilivyoshinda kwa misimu 20 mfululizo. Hakuna timu ya kulipwa Amerika Kaskazini iliyowahi kufanya hivyo. (Bonilla, kwa taarifa yako, bado analipwa na Mets dola 1,193,248.20 kila tarehe 1 Julai hadi 2035. Hata senti 20 hawamdhulumu.)

Wewe ulishika usukani mwaka 2007, na elimu ya juu tumeipata kwako. Januari 2018, ndani ya siku chache, ulimtoa Gerrit Cole kwenda Houston na Andrew McCutchen kwenda San Francisco. Haki isemwe: Reynolds tuliyenaye leo alipatikana katika biashara ile ya McCutchen, na McCutchen mwenyewe ukamrudisha 2023. Lakini Julai ya mwaka uleule wa 2018 ukamchukua mrushaji Chris Archer kutoka Tampa Bay, ukatoa Tyler Glasnow, Austin Meadows na “mchezaji atakayetajwa baadaye.” Alipotajwa akawa Shane Baz, kijana mliyemchagua raundi ya kwanza mwaka mmoja tu kabla. Archer alikuja, akapigwa, akaondoka. Glasnow leo yuko Dodgers kwa mkataba wa zaidi ya dola milioni 136. Mzee hadi leo hataki jina la Archer litajwe mtu akiwa na wembe shingoni.

Sasa nifike kwa mrushaji wetu Paul Skenes, ambako hasa ndiko tunakostahili kulipwa.

Kijana huyu msimu uliopita aliruhusu wastani wa mikimbio 1.97 kwa mechi, na tuzo ya mrushaji bora, Cy Young, akaipata kwa kura zote. Alishinda mechi 10, akapoteza 10. Sababu ni kwamba wenzake hawapigi: mipira iliyovuka ukuta ilikuwa 117 kwa msimu mzima, michache kuliko ya timu nyingine yoyote kati ya 30 za ligi. Mshahara wake ulikuwa dola 875,000, kwa sababu kanuni za ligi zinasema mchezaji katika miaka yake mitatu ya mwanzo hulipwa anachopangiwa na klabu, mitatu inayofuata anaweza kwenda kwa wasuluhishi, na baada ya sita ndipo anakuwa huru kujiuza. Skenes atakuwa huru baada ya msimu wa 2029.

Ungetegemea mashabiki wajadili jinsi ya kumtafutia wapigaji watatu haraka, kabla mwaka huo haujafika. Ukiingia saluni utasikia mengine kabisa. Wanajadili auzwe lini. Wapo wanaotaka auzwe sasa hivi, kwa kuwa mnunuzi atapata miaka minne naye na hivyo atatoa vijana wengi zaidi. Wapo wanaosema tumsubiri hadi 2027. Kinyozi ana orodha ya chipukizi wa Yankees anaowataka, na ameipanga kwa umri. Skenes ana miaka 23. Hajaumia, hajagoma, lakini sisi tumeshamfungia mizigo. Na hao chipukizi tutakaopewa, wakishaiva, tutawauza pia. Nilipouliza msimu gani katika mpango huo ni wa kushinda, nikaambiwa mimi bado mgeni wa mchezo.

Shughuli yetu nyingine ni kuwalaumu Dodgers, na hii tunakufanyia bure bila hata kuingiza kwenye madai. Tunasema Los Angeles wameharibu mchezo. Walimsaini Shohei Ohtani kwa dola milioni 700, wakakubaliana naye kwamba milioni 680 atazipokea kati ya 2034 na 2043 bila riba. Kodi peke yake, ile wanayotozwa kwa kuvuka kiwango cha mishahara, mwaka huu imekuwa kiasi cha dola milioni 169, na mishahara yote ya wachezaji wetu haifiki huko. Wamebeba ubingwa 2024 na 2025. Basi tunadai ligi iweke kima cha juu cha mishahara, na mkataba wa ligi na wachezaji ukiisha tarehe 1 Desemba 2026, tuko tayari milango ifungwe hata mwaka mzima ili kima hicho kipatikane. Yaani tuko tayari tusitazame besiboli kabisa ili wewe usilazimike kushindana na tajiri.

Juzi kijana yule yule mkorofi aliuliza kuhusu kima cha chini. Kila klabu huingiza asilimia 48 ya mapato yake ya nyumbani kwenye chungu cha pamoja, kisha chungu hugawanywa sawa kwa wote, na mwenye kidogo hutoka na zaidi ya alichoingiza. Kijana akauliza: mbona hakuna kima cha chini cha mishahara ambacho kila klabu ni lazima ikifikie? Tukamnyamazisha. Akauliza tena kuhusu Milwaukee, mji wenye soko dogo kuliko letu, ambao mwaka huu walishinda mechi 97, nyingi kuliko timu yoyote, wakati sisi tulishinda 71. Mzee alimjibu kwamba Dodgers waliwafunga hao Milwaukee mechi nne kwa bila kwenye nusu fainali, kwa hiyo walipoteza fedha zao. Jibu hili nilipenda ulisikie kwa masikio yako. Hata msemaji wako anayelipwa asingelipata.

Kuhusu wale waliokodi ndege Aprili, ikazunguka juu ya uwanja na bango la kukutaka uuze timu, sisi hatumo. Gharama ile haikuwa kwenye bajeti. Vilevile hatukusema mengi mwezi huohuo yalipoonekana, kwenye yadi ya kurejeleza taka, matofali yaliyochongwa majina ambayo watu waliyanunua wakati uwanja unajengwa, wengine kwa ajili ya wazazi waliokwishafariki. Uwanja wenyewe kwa sehemu kubwa ni fedha za umma, kwa hiyo mtu akiulizia tofali lake anaweza kuonekana mroho. Lakini klabu yako ilipoiondoa ukutani upande wa kulia namba 21 ya Roberto Clemente, nyota wenu wa zamani, na kuweka mahali pake tangazo la pombe, hapo hata Mzee aliweka penseli chini. Clemente alikufa 31 Desemba 1972 akipeleka misaada Nicaragua kwa ndege. Namba imerudishwa, tunashukuru. Bado tungependa kujua tangazo lile liliingiza kiasi gani, ili tulijumlishe.

Kwa kuzingatia hayo, naomba yafuatayo yafikiriwe. Tuandikishwe rasmi kama watumishi wa idara ya fedha, kwa kima cha chini cha ligi, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola 760,000 kwa mtu. Najua umeshika kifua, kwa hiyo niharakishe kusema kwamba tunakubali masharti ya Ohtani: tulipwe kuanzia 2034 hadi 2043, bila riba. Mzee ana miaka 78, na yeye ndiye aliyependekeza.

Kama hilo haliwezekani, basi nafasi yangu mimi ibadilishwe. Kwa hesabu ya utumishi nimeshavuka miaka sita, lakini kwa mashabiki sioni kanuni ya kuwa huru, hivyo naomba kupelekwa klabu nyingine kwa kubadilishana na shabiki mmoja wa huko na mwingine atakayetajwa baadaye. Sikufikia uamuzi huu kwa wepesi. Klabu hii niliipenda kwa ajili ya Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, ambaye Aprili 2017, akiwa na jezi yenu, alikuwa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kucheza ligi hii kubwa, na mara yake ya kwanza kusimama kupiga akampiga Jon Lester wa Cubs safi kabisa. Siku ile nilipiga simu nyumbani kuwaeleza watu ambao hawakujua ninazungumzia mchezo gani. Mwaka haujaisha mkampeleka Toronto. Sasa mnaye Mganda, David Matoma, mrushaji, katika timu zenu za vijana. Kinyozi ameshamwekea bei.

Naomba kuwasilisha.

Wako mtiifu,
Shabiki, kwa niaba ya Idara ya Uhasibu (wasiolipwa)

Nakala:
Kamishna wa ligi, kwa taarifa, na asiharakishe kusoma kabla ya Desemba 2026.
Los Angeles Dodgers, wapokee lawama zilizotajwa.
Paul Skenes, kwa taarifa tu. Asinunue fanicha nzito.